Bia nyeusi imekuwa tamu mno, niongeze hamira au niimwage?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mtwara mjini, nimepika bia nyeusi lita 20, kimea na hamira (S-04) niliagiza Dar, nikaweka na laktosi nusu kilo kama resipe ilivyosema. Hidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye bia) ilianza 1.064, sasa imegoma kwenye 1.028 wiki nzima. Bia ni tamu mpaka inachosha, glasi ya pili humalizi. Niongeze hamira au nimwage tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimwage, na hamira nayo subiri kwanza. Inawezekana hamira imelala na sukari ya kuliwa bado ipo, au imeshamaliza kazi na kilichobaki ni sukari isiyoiweza, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Tupige hesabu kidogo. Laktosi ni sukari ya maziwa, hamira ya bia haiigusi, na nusu kilo kwenye lita 20 inakupa kama pointi 9 (yaani 0.009 kwenye hidromita) ambazo hazishuki hata ukingoja mpaka msimu wa korosho. Zitoe kotekote, maana yake umeanza 1.055 na umefika 1.019, yaani hamira imekula kama asilimia 65 hivi ya sukari ya kimea. S-04 mara nyingi inafika 75, yaani karibu 1.014. Kwa hiyo kuna pointi kama 5 hazijulikani zilipo, hizo ndo tunazitafuta. Halafu hakikisha sampo imepoa ndo upime, hidromita nyingi zimetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20, kwenye nyuzi 30 zinakudanganya pointi 2 au 3 kwenda chini.

Sasa jaribio. Chukua nusu lita ya hiyo bia kwenye chupa safi, tia kijiko cha chai cha hamira kavu, hata ya maandazi inafaa kwa jaribio tu, funika mdomo kwa foili bila kukaza, iache mezani kwenye joto lenu hilohilo na kila ukipita itikise. Baada ya siku tatu iache itulie, pima. Ikishuka mpaka 1.023 hivi, basi hamira yako ililala. Hapo nunua pakiti mpya, ila usiimwage kavu kwenye ndoo maana itakuta pombe tayari na itazimia, ianzishe pembeni kwenye maji ya kimea yaliyochemshwa yakapoa, ikianza kutoa povu la nguvu ndo uimimine, taratibu bila kurusharusha bia isije ikaingia hewa.

Isiposhuka kitu, kosa liko kwenye mapishi: kimea cha karameli kingi (kile kilichokaangwa, sukari yake hamira haiiwezi yote), au uliloweka kimea kwenye nyuzi 70 na kwenda juu. Hilo la joto linaleta uzito mdomoni zaidi kuliko utamu wenyewe, kwa hiyo mimi macho yangu yako kwenye laktosi na karameli. Kuna watu watakwambia utie kimeng'enya cha kuvunja wanga, achana nacho, laktosi hakiigusi na bia itabaki nyepesi kama maji huku utamu uko palepale.

Dawa ninayoiamini ni kuchanganya. Pika lita 10 nyingine nyeusi, bila laktosi, bila karameli, loweka kwenye nyuzi 64 au 65, iache ichache mpaka ishuke 1.010. Ukichanganya na zile 20 unapata 1.022, na ulimi utaisikia tofauti. Anza kwenye glasi lakini, mbili kwa moja, onja, ndo uende kwenye ndoo.

Kama huna kimea kingine tumia kahawa. Ile ya Mbinga inafaa sana, gramu 100 iliyosagwa kubwakubwa, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chuja, kisha ongeza kidogokidogo huku unaonja. Uchungu wake unaukata utamu vizuri.

Na kabla ya yote hayo jaza bia yako kwenye kichupa kimoja cha plastiki cha soda, tia nusu kijiko cha chai cha sukari, kaza, wiki moja, kisha friji, maana bia isiyo na gesi tena ya vuguvugu siku zote inaonekana tamu kuliko ilivyo. Kiminye kila siku. Kikiwa kigumu kama jiwe mapema sana, ujue ndani bado kuna sukari inaliwa, na chupa za vioo usiziguse kwanza, zitapasuka ndani kwako.