Wasomaji Wauliza: Ngome ya Tourbillon na paa lililotoweka

SWALI: Mhariri, kwenye kalenda ya duka moja hapa River Road kuna picha ya ngome ya mawe juu ya kilima, chini imeandikwa Sion, Uswisi. Kuta zimesimama, paa hakuna hata kipande. Ilipigwa mizinga? Na nchi tajiri kama ile mbona haijaikarabati? *Msomaji, Kayole*

JIBU: Mizinga haihusiki. Hiyo ni Tourbillon, katika jimbo la Valais, kwenye bonde la mto Rhône. Ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1290 kwa amri ya Boniface de Challant, askofu wa Sion. Usishangae askofu kujenga ngome: pale askofu ndiye aliyekuwa pia mtawala wa nchi. Mwaka 1417, wakati wananchi walipoinuka dhidi ya ukoo wa makabaila wa Raron, ngome iliharibiwa, kisha ikajengwa upya katika karne hiyohiyo. Kilichoimaliza kabisa ni moto wa tarehe 24 Mei 1788, ulioteketeza sehemu kubwa ya mji na kupanda hadi kilimani. Paa na sakafu zilikuwa za mbao, zikaenda zote. Hakuna aliyezirudisha.

Paa likishaondoka, adui mpya ni maji. Kuta nene za zama hizo si mawe matupu: kuna uso wa nje na uso wa ndani uliopangwa vizuri, na katikati vifusi vilivyomwagiwa chokaa. Mvua huingia kwa juu, ikashuka katikati na kuosha chokaa polepole. Usiku wa baridi maji hayo huganda na kutanuka kwa takribani asilimia 9. Ukiwahi kusahau chupa ya soda kwenye friza unajua kinachofuata. Bahati ya Tourbillon ni kwamba Valais ni miongoni mwa sehemu kavu zaidi za Uswisi. Sion hupata milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, pungufu ya Nairobi yetu.

Kuhusu ukarabati, tunaona ni afadhali ibaki gofu linalotunzwa kuliko kuvishwa paa la kubuni. Kutunza nako kuna masharti. Fundi akiziba nyufa kwa sementi ameua ukuta: sementi ni ngumu kuliko chokaa na haipumui, kwa hiyo maji hubaki ndani, yakiganda hubandua uso wa jiwe, huku ile sementi ikibaki imening'inia kama ilivyopakwa. Kinachofaa ni chokaa kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3. Kwanza kwangua kiungo hadi upate chokaa nzima, osha vumbi, lowesha mawe, shindilia kwa tabaka nyembamba, kisha funika kwa magunia mabichi. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta kaboni dioksidi iliyo hewani na huchukua wiki kadhaa. Ikipatwa na barafu kabla haijashika, inageuka unga. Ndiyo maana waashi wa milimani huweka mwiko chini baridi ikikaribia.

SWALI: Kwenye picha za magofu kama hayo naona mashimo ya mraba yamejipanga ukutani. Ni ya kurushia mishale? *Mwanafunzi wa uchoraji ramani, Ngara*

JIBU: La. Tundu la mshale ni mwanya mrefu, mwembamba kwa nje na mpana kwa ndani, ili mpiga upinde apate nafasi ya kugeuka. Mashimo madogo ya mraba, yenye safu juu ya safu, ni ya miti ya jukwaa la waashi: mti ulijengewa ukutani, kazi ikipanda unachomolewa, shimo linabaki. Makubwa zaidi, yaliyo kwenye mstari mmoja upande wa ndani, yalishika boriti za sakafu. Hesabu mistari hiyo utajua ghorofa zilikuwa ngapi. Ukiona meko iko juu ukutani bila pa kukanyaga, ujue sakafu ilikuwa pale. Waliozoea magofu ya Gede, huko pwani yetu, wajihadhari: kule mawe ni ya matumbawe, na macho yaliyozoea huko hupotoka kidogo Ulaya.

SWALI: Kuna kiingilio? Na visa? *Mama Brian, Umoja*

JIBU: Kuingia Tourbillon ni bure, lakini hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo panga kati ya Mei na Oktoba. Ngome iko zaidi ya mita 100 juu ya mji na njia ni ya mawe, mama, viatu viwe vya kushika. Kilima cha pili, mkabala, ni Valère, kanisa lenye kinanda cha karne ya 15 ambacho bado hupigwa. Uswisi hutumia visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya: omba mapema, hadi miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, ukiwa na bima ya afya ya angalau yuro 30,000.