Maswali na Majibu: Kujihesabu, Riya na Kibri

Maswali ya safari hii yametoka Lamu na Malindi. Majibu yanafuata madhehebu ya Imam Shafii, maana ndiyo ya wengi wa waulizaji.

Swali: Nimesikia katika mawaidha kwamba Muislamu ajihesabu kwa matendo yake kila usiku. Nikijaribu, ama usingizi hunichukua, ama nabaki kujilaumu tu. Nifanyeje? (Langoni, Lamu)

Jibu: Kwanza, ndugu, usifanyie kitandani. Kaa kwenye mswala baada ya Isha na sunna yake, kabla ya swala ya witri, ya kufungia usiku. Dakika kumi zatosha.

Pili, huenda wewe waanza mwisho. Mwanachuoni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliipanga kazi hii kama mambo ya washirika wa biashara: asubuhi mwashurutishana, mchana mwachungana, usiku mwapiga hesabu. Asiyejiwekea sharti asubuhi hana cha kuhesabu usiku, ndipo anapoishia kulaumu. Basi baada ya Alfajiri shika jambo moja linalojulikana, mfano, "leo sitamsema shemeji yangu barazani". "Leo nitakuwa mwema" si sharti, halipimiki.

Usiku fuata mpango huu. Anza na faradhi: swala ipi ilicheleweshwa, ipi ilipita? Kisha haki za watu: deni, ahadi, mshahara wa kijana wa kazi. Mwisho viungo saba: jicho, sikio, ulimi, tumbo, tupu, mkono na mguu. Ulimi ndio utakaokula dakika zako. Kila kosa lipe dawa yake papo hapo. Swala iliyopita ilipwe, deni liwekewe siku, na lililo baina yako na Mola wako pekee litakiwe maghufira na kuazimia kutolirudia. Kujilaumu kusikofuatwa na kitendo huchosha, na baada ya wiki mbili mtu huacha kabisa.

Na tafadhali usiyaandike madhambi kwenye simu. Simu hupotea, hukopwa, watoto huichezea. Aliyesitiriwa na Mwenyezi Mungu hana haja ya kujifichua.

Swali: Nauza samaki. Kwa muda mizani yangu ilikuwa inapunja, nami nikijua. Sasa nimeirekebisha na nimetubu. Kuna lililobaki? (Malindi)

Jibu: Lipo, na ndilo zito. Toba ya dhambi inayogusa haki ya mja ina masharti manne: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kuirudisha haki kwa mwenyewe. Wewe una matatu.

Chukua karatasi. Mizani inayokula gramu 50 katika kila kilo imekula asilimia 5. Ukiuza kilo 20 kwa siku, kilo moja haikuwa yako. Tuseme kilo ni shilingi 400: hizo ni 400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,400 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi. Ukishuku, kadiria juu, usikadirie chini.

Wateja unaowajua, kama mwenye hoteli au jirani, wafikishie chao. Si lazima ueleze kisa kizima ikiwa kueleza kutazua fitina. Muhimu mali imfikie mwenyewe, hata kwa mkono wa mtu mwingine. Usiowajua wala huna njia ya kuwapata, toa kiasi hicho sadaka kwa nia ya kuwa ni yao, si yako; usitaraji thawabu ya mtoaji. Akitokea mmoja wao na kudai, ana haki yake. Kama huna fedha, lipa kidogo kidogo na uandike katika wasia wako, ili warithi wasigawane mali ya watu.

Wako wanaokimbilia Umra kwanza. Umra haimlipi mteja. Katika Hadithi ya muflisi (aliyefilisika) iliyopokewa na Imam Muslim, mtu anakuja Kiyama na swala, saumu na zaka, kisha mema yake yanagawiwa aliowadhulumu.

Swali: Ramadhani vijana wa mtaa wetu hugawa futari, nami huweka picha kwenye status ya WhatsApp ili wengine wachange. Ni riya, yaani kufanya jema ili watu wanione? (Lamu)

Jibu: Kudhihirisha sadaka kunaruhusiwa, Suratul Baqara aya ya 271 inasema ni vizuri, na kuificha ukawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Waliochanga wana haki ya kuona hesabu, basi watumie risiti na picha ya magunia. Nyuso za wapokeaji ziache. Lamu ni mji mdogo, na mama aliyepiga foleni leo, kesho mwanawe atakumbushwa shuleni.

Ama nafsi yako, ipime hivi: picha mpe mwenzako aitume kwa jina la kundi, lako lisionekane. Ukiona uzito hapo, au ukijikuta wafungua status kila mara kuangalia nani ameona, una jibu.

Swali: Nina miaka sitini na kitu. Fatiha yangu najua ina makosa, lakini walimu waliopo ni vijana wa umri wa wajukuu zangu. Naona haya. (Lamu)

Jibu: Mzee wetu, Fatiha ni nguzo ya swala katika kila rakaa, kwa hiyo jambo hili haliachwi kwa sababu ya haya. Kwetu Mashafii Fatiha pamoja na Bismillahi ina shadda 14 (shadda ni alama ya kukaza herufi), na shadda huhesabiwa kama herufi. Penye makosa mengi ni "iyyaka", watu huitamka "iyaka". Na "an'amta" ikisomwa "an'amtu" maana hupinduka, ikawa wewe msomaji ndiye uliyeneemesha, si Mwenyezi Mungu. Mwombe kijana mmoja, nyumbani kwako au kwake, dakika kumi baada ya Alasiri, aya moja kwa wiki. Wiki saba umemaliza. Mji huu wenyewe ulishuhudia Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti Riyadha, akiwasomesha watumwa na watu wanyonge ambao wakubwa wa mji hawakuona kuwa elimu ni haki yao. Kama yeye hakuchagua mwanafunzi, nawe usichague mwalimu.

Swali: Nasoma qaswida katika maulidi. Nikisifiwa moyo hufurika. Niache? (Malindi)

Jibu: Usiache. Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu wa zama za mwanzo, alisema kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya. Rekebisha nia kabla ya kupanda, ukimaliza shuka uondoke mapema, usingoje pongezi mlangoni.

Swali: Kanzu iliyotiwa pasi na kofia ya vito (ya kudariziwa) ya bei, ni kibri? (Lamu)

Jibu: La. Mtu mmoja aliuliza suali kama hilo, Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Vaa. Pindo la kanzu tu lisivuke vifundo vya miguu, ndivyo bora.