Tumbo la Farasi Linaponyamaza

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni saisi katika zizi la farasi kiungani mwa Nairobi. Hivi karibuni dawa yetu ya kupe ilikwisha, na mwenzangu akampaka farasi jike ile ya kuogeshea ng'ombe, yenye amitrazi. Baadaye jike huyo aliacha kula, akawa anageuka kutazama ubavu wake, na kinyesi hakikutoka. Daktari wa mifugo alimsikiliza tumbo kwa muda mrefu kabla ya kumchoma sindano yoyote, kisha akasema kwamba dawa ile imezizuia neva za utumbo. Mimi nilidhani neva ni za kichwani na mgongoni. Je, utumbo nao una neva zake? Na kwa nini alisikiliza kwanza ilhali mnyama anaumwa?

Jibu: Unazo, ndugu yetu, tena ni nyingi mno. Ukuta wa utumbo una tabaka mbili za misuli, moja ikiuzunguka utumbo kama pete na nyingine ikilala kwa urefu wake. Kati ya tabaka hizo umetandazwa wavu wa seli za neva ambao Mjerumani Leopold Auerbach aliueleza katika karne ya 19. Wavu wa pili, unaohusishwa na jina la Georg Meissner, uko karibu zaidi na utando wa ndani na hushughulika hasa na majimaji na mzunguko wa damu. Tonge la chakula linapoutanua ukuta, seli zinazohisi huzipa habari jirani zake, misuli iliyo nyuma ya tonge ikajibana, iliyo mbele ikalegea, na tonge likasogea. Mwaka 1899 Waingereza William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwa mbwa kwamba kazi hiyo huendelea hata neva zinazotoka nje ya utumbo zikikatwa. Mwendo wenyewe hupigiwa mapigo na seli nyingine, zilizopewa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, ambazo hutoa mawimbi madogo ya umeme bila kungoja kuamriwa na ubongo.

Umuhimu wa wavu huo huonekana pale unapokosekana. Miongoni mwa farasi wa Marekani wenye mabaka ya aina ya overo, mtoto anayerithi hitilafu ya jeni moja kutoka kwa baba na kwa mama huzaliwa mweupe, na sehemu kubwa ya utumbo wake haina seli hizo za neva. Husimama na kunyonya kama wenzake, lakini maziwa hayapiti, na hufa baada ya siku chache ilhali misuli ya utumbo ipo.

Kwa farasi, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya umbo la tumbo lake. Baada ya utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 20 hivi, majani huingia katika utumbo mpana ulio mkubwa ajabu, ambamo vijidudu huyachachusha. Utumbo huo hujikunja karibu na nyonga, na hapo njia huwa nyembamba ghafla. Karibu na kona hiyo neva na seli za mapigo huanzisha mikazo inayokwenda pande zote mbili: mingine husukuma mbele, mingine hurudisha nyuma nyasi ngumu ili zichachuke zaidi. Ni mpango wa busara, ila mikazo ikipungua, kona hiyohiyo ndiyo inayoziba kwanza.

Ubongo hauutawali utumbo neno kwa neno. Kazi yake ni kuongeza au kupunguza kasi. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani, huuchochea kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Neva za simpathetiki, zinazotoka kwenye uti wa mgongo, huuzuia kwa kemikali nyingine, noradrenalini, ambayo hushika vipokezi, yaani sehemu zinazopokea kemikali, vilivyo kwenye ncha za neva za utumbo na kuzizuia zisitoe asetilikolini. Amitrazi hushika vipokezi hivyohivyo. Kwa hiyo daktari wenu alisema kweli: misuli ya jike huyo haikuharibika, bali ilikosa amri, na chakula kikaendelea kukauka mahali kilipokwama. Maumivu yenyewe, kama hofu, huziamsha neva za simpathetiki na kuongeza kizuizi, ndiyo maana kutuliza maumivu ni sehemu ya tiba na si hisani tu kwa mnyama. Kwa kupe, msitumie tena dawa ambayo karatasi yake haitaji farasi.

Kuhusu kusikiliza kwanza: xylazine, dawa ambayo madaktari huitumia sana kumtuliza farasi mwenye msokoto wa tumbo, hupitia mlango uleule wa amitrazi na hulinyamazisha tumbo kwa muda. Akiichoma kabla ya kusikiliza, hatajua ukimya ni wa ugonjwa au wa sindano. Juu ya ubavu wa kulia wa farasi mzima husikika, kila baada ya dakika chache, mfoko kama wa maji yanayomiminwa ghafla. Saisi yeyote anaweza kujizoeza kuutambua kwa kuweka sikio hapo farasi akiwa mzima. Si kila msokoto una ukimya, lakini. Upo ule ambao utumbo hujikaza kupita kiasi na tumbo likanguruma, na huo hutulizwa kwa dawa inayozuia asetilikolini. Dawa hiyo haimfai jike wenu, ambaye tayari asetilikolini ilikuwa haba.

Swali: Ikiwa hofu huuzuia utumbo, mbona farasi wangu akipakiwa kwenye lori hutoa kinyesi chepesi mara tatu kabla hatujaondoka? — Msomaji, Nakuru

Jibu: Kizuizi hakigusi sehemu zote sawasawa. Mwili ukiwa na hofu, tumbo la chakula na utumbo wa juu hupunguza kasi, ilhali sehemu ya mwisho, inayopata neva nyingine kutoka eneo la nyonga, huweza kuharakishwa. Huko mwisho ndiko maji hufyonzwa na kinyesi kufinyangwa kuwa madonge. Kikipita upesi, hutoka kingali na maji. Hilo lisikutie wasiwasi. Hatari zaidi ni safari ndefu ambayo farasi hanywi maji njiani, kwa hiyo mpe maji kila mnapopumzika, na mkifika mpe nyasi laini kwanza, huku mkiangalia kama kinyesi kinatoka.