Mwalimu, "rankle" ni kuudhi tu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Dar es Salaam. Mwezi wa tatu niliandaa ripoti kwa wiki mbili nzima, kufika kikaoni ikasomwa kwa jina la mwenzangu. Nikanyamaza. Juzi mkuu wetu, ambaye Kiswahili hakijui, aliniuliza kwa barua pepe mbona siku hizi nimepoa. Nikamjibu: "I am rankling with you since March." Akaniita kuniuliza ninamaanisha nini, na wenzangu wakacheka. Neno nililitoa kwenye kamusi, imeandika "udhi, kera". Nimekosea wapi? Na kwa Kiswahili hasa tuseme nini, maana "kuudhi" naona hakufiki?

Msomaji, Temeke

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole. Wiki mbili za jasho la mtu si jambo dogo, na waliokucheka wamekukosea.

Neno ulilochagua ndilo lenyewe. Kosa ni kwamba umejiweka wewe mahali pa jambo. Katika Kiingereza cha wengi, kinachofanya kitendo hiki ni jambo: neno ulilotamkiwa, cheo ulichonyimwa, ripoti iliyosomwa kwa jina la mwingine. Jambo ndilo kiima, mtu ni wa kuumwa tu. Wenyewe husema "It still rankles", wakaishia hapo, bila hata kumtaja mwenye maumivu. Ukitaka kumtaja, unaweza kusema "it rankles with me", au "it rankles me", na vyote vinakubalika. Sasa tazama ulichoandika: "I" mbele, "with you" nyuma. Ukiisoma kwa kipimo hicho, wewe ndiye unayemchoma mkuu wako moyoni tangu Machi! Si ajabu alikuita. (Zipo kamusi zinazoruhusu mtu naye awe kiima, kwa maana ya kuona uchungu, lakini hata huko ile "with you" ingekuponza.)

Kiswahili hapa hakikuachi njia panda. "Jambo lile linaniuma" na "naumia" ni vitu viwili, na kila Mswahili anajua lini aseme kipi. "Rankle" ikae upande wa "linaniuma".

Kuhusu maana, nakuunga mkono kwamba "kuudhi" hakufiki. Anayekukanyaga kwenye daladala anakuudhi, ukishuka kituoni umeshasahau. Neno hili la Kiingereza limetoka katika Kifaransa cha kale, nacho kilichukua kwa Kilatini, "dracunculus", yaani joka dogo. Ndivyo walivyokiita kidonda kinachotunga usaha. Wauguzi wanalijua jina hilo hadi leo, kwa kuwa mnyoo wa Guinea kitaalamu huitwa Dracunculus medinensis. Ule hutokea mguuni, na dawa yake ni kuuzungusha kwenye kijiti polepole, kidogo kila siku. Ukiuvuta kwa pupa ukakatika, kipande kilichobaki ndani huleta uvimbe na usaha.

Mimi maana ya neno hili niliifahamu kabla sijajua Kiingereza. Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Muheza, nikakanyaga mwiba wa mchongoma nikitoka kisimani. Baada ya siku chache kidonda kikafunga, ngozi ikang'aa, nikarudi kucheza rede na wenzangu. Bibi aliniona nakanyagia ukingo wa mguu. Akaniita, akauweka mguu wangu pajani pake, akabonyeza kwa kidole gumba kando ya kovu. Niliruka. Akasema, "Juu kimefunga, ndani kinatunga." Akapitisha sindano motoni, akakifungua. Ulitoka usaha, halafu ikatoka ncha ya mwiba, nyeusi, haizidi punje ya mchele. Kila nikikutana na neno hili kitabuni nakiona kile kidole gumba. Mtu anacheka na wenzake, anakwenda kazini, anasalimia vizuri, mpaka siku mtu abonyeze pale.

Sasa neno la Kiswahili. Wengi hukimbilia "kinyongo". Mimi sikupendekezei hapa, kwa sababu kinyongo ni cha mtu anayekiweka. Ukimwandikia mkuu wako kwamba una kinyongo, umejishitaki mwenyewe, na aliyechukua ripoti yako ametoka salama. "Dukuduku" ni jepesi zaidi, nalo huisha ukishalitoa. Ningechagua "kukereketa". Koo likikukereketa unakunywa maji, unakohoa, unakunywa tena, na bado lipo. Ni kitenzi hicho hicho kilichotupatia "mkereketwa", mtu ambaye jambo limemwingia hata hawezi kutulia. Tena jambo ndilo linalokukereketa, hulikereketi wewe, kwa hiyo hata sarufi yake inakwenda sawa na ya Kiingereza. Ukiona halitoshi, ongeza "moyoni".

Hiyo "since March" nayo haikai na "I am". Ukitaka kuibakiza, sema "has rankled since March". Lakini mimi ningeiandika hivi: "The way my report was presented in March still rankles." Kwa Kiswahili: "Namna ripoti yangu ilivyowasilishwa mwezi wa tatu bado inanikereketa." Humo hakuna aliyetukanwa wala aliyetishwa, na jambo lenyewe limetajwa kwa jina lake na mwezi wake. Mwandikie leo, na uambatishe ile ripoti.