Nukta ya COBOL

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma kompyuta mwaka wa pili, tunafundishwa Python. Mhadhiri anasema kuna mabenki yanayohesabu fedha kwa COBOL mpaka leo, lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1959! Imebaki kwa nini? Ni uvivu tu wa kubadilisha?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kubadilisha ni gharama kubwa, na ni hatari, lakini usiite uvivu. Fungua Python yako uandike 0.1 + 0.2. Utaletewa 0.30000000000000004. Mashine inahesabu kwa sifuri na moja, na sehemu ya kumi haikai sawasawa humo. Kwenye COBOL unaandika PIC 9(7)V99, yaani tarakimu saba za shilingi na mbili za senti, na senti inabaki senti. (Python nayo ina moduli ya decimal. Ijue mapema.)

Lugha ya FORTRAN ya John Backus na wenzake wa IBM, 1957, ilitungiwa wanasayansi na fomula zao. Lisp ya John McCarthy ikafuata na mtindo wake wa orodha na fanksheni. COBOL ilichota mengi kwenye lugha ya FLOW-MATIC ya Grace Hopper, ikakusudia hata asiye fundi aweze kuisoma: ADD POSHO TO MSHAHARA. Desemba 1960 programu ileile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za makampuni mawili tofauti. Kwa enzi zile lilikuwa jambo zito.

Mimi nilianza nayo 1987, ofisi ya mishahara, kwa toleo la zamani lisilo na END-IF, neno la kufunga sharti la IF. Sharti lilifungwa kwa nukta. Mwezi mmoja niliandika IF SAA-ZIADA > 0 ADD POSHO TO MSHAHARA, nikasahau nukta. Mstari uliofuata, SUBTRACT KODI FROM MSHAHARA, ukamezwa na lile sharti. Basi asiyefanya saa za ziada hakukatwa kodi. Mwezi uliofuata tuliwakata mara mbili, na tarishi wetu akaja mezani kwangu na slipu yake, akaniuliza watoto wake wale nini. Sijaisahau sauti yake.

Jifunze COBOL, mwanangu, ila Python kwanza. Ukiwa tayari, andika mishahara ya watu watano, kisha ondoa nukta hiyo moja kwa makusudi uone nani anapona na kodi.