Unataka Kusomea Biolojia ya Bahari? Anza na Takwimu

Karibu kila kijana anayeniuliza kuhusu kazi hii huanza na kuzamia: cheti kinapatikana vipi, ni lazima mtu awe mwogeleaji hodari? Kuhusu takwimu hakuna anayeuliza. Cheti cha kwanza cha kuzamia ni mafunzo ya siku chache. Takwimu zitakuchukua miaka, kwa hiyo anza nazo leo.

Maana utafiti wenyewe kwa sehemu kubwa ni kuhesabu. Unatandaza tepu juu ya matumbawe, unaweka fremu ya mraba kando yake, unaandika kilichomo: matumbawe hai, yaliyokufa, mwani, mchanga. Unasogea, unarudia. Ukiwa mtu wa nyasi bahari au mikoko, ratiba yako inapangwa na maji kupwa na kujaa, na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, haijui Jumapili. Kisha inakuja kazi ndefu ya mezani, kupima kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu. Jifunze R mapema, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu; ni ya bure. Mwanafunzi anayeweza kuchambua data huitwa kwenye miradi ya wenzake kabla hajawa na mradi wake.

Ualimu nao, wengi huuona kama kodi wanayolipa ili waachiwe muda wa utafiti. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Chukua suala la kupauka kwa matumbawe. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya tishu zake huishi mwani mdogo sana, mpangaji anayelipa kodi kwa sukari: sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe hutoka kwake. Bahari ikizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kali kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, usanisinuru wa mwani huvurugika, hutoa kemikali zenye kudhuru, na tumbawe humfukuza mpangaji wake. Linabaki jeupe lakini hai. Ukilieleza hili darasani, lazima atokee mmoja aulize: litavumilia njaa mpaka lini, na kwa nini la jirani yake halikupauka? Maswali hayo mawili yanatosha kumpa mtu kazi ya maisha. Mimi huyaandika.

Elimu ya mazingira ndipo wasomi wengi tunapoharibu. Ripoti ya mwaka 2018 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, ilisema dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5 kuliko kabla ya enzi ya viwanda tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, na kwa nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99. Soma takwimu hizo mbele ya watoto na utaona wanavyokata tamaa. Wape fremu wahesabu konokono wenyewe, warudi bamvua inayofuata kulinganisha. Kwa wavuvi, nenda kwanza kusikiliza; wanaijua mikondo na misimu ya samaki kuliko wewe, na kuwaanzia na hotuba ni utovu wa adabu.

Jambo la mwisho ni msimamizi wa shahada yako. Kabla hujakubali, watafute wanafunzi wake wa zamani. Waulize wanafanya kazi gani sasa, na kama majina yao yalitangulia kwenye makala zilizotokana na utafiti wao. Wakisitasita kujibu, tafuta mwingine.