Wasomaji Wanauliza: Kiwanja Palipokuwa na Kiwanda

SWALI: Mhariri, nataka kununua kiwanja ambapo zamani palikuwa na kiwanda cha kupaka vyuma kromi. Muuzaji amenionyesha ripoti ya maabara inayosema kwamba udongo uliochukuliwa sehemu kumi za kiwanja na kuchanganywa kuwa sampuli moja hauna uchafu unaozidi kiwango. Nakusudia kujenga nyumba ya kuishi na kuchimba kisima. Je, ripoti hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi, hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi. Chukua mfano huu: sehemu tisa hazina kromi kabisa, na ya kumi ina miligramu 500 kwa kila kilo ya udongo. Udongo huo ukichanganywa sawasawa, maabara itasoma miligramu 50, na ile sehemu mbaya itakuwa imefichwa na wenzake. Uchafu wa kiwanda cha namna hii hauenei sawasawa kiwanjani. Hukaa chini ya matangi ya kuchovyea vyuma, kwenye mitaro iliyopasuka na pale yalipomwagwa maji ya kusuuzia.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na historia kabla ya jembe. Tafuta michoro ya majengo, vibali na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, kisha zungumza na waliofanya kazi pale, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaojua shimo la taka lilikuwa wapi. Ukitembelea kiwanja, angalia sakafu: madoa ya manjano kwenye saruji karibu na mahali pa matangi yanaweza kuwa ya kromi aina ya sita, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kusafiri na maji, tena ni sumu kuliko kromi aina ya tatu. Ripoti inayotaja kromi kwa jumla tu haikuambii ni ipi kati ya hizo mbili.

Soma pia orodha ya vilivyopimwa. Chuma hakipakwi kromi kabla ya kuondolewa grisi, na viwanda vingi vilitumia viyeyusho kama trikloroethilini kwa kazi hiyo. Ikiwa maabara iliombwa kupima metali peke yake, ukimya wa ripoti kuhusu viyeyusho hauthibitishi kwamba havipo. Tena uliza ni kiwango gani hicho ambacho uchafu haukuzidi, maana nchi nyingi huruhusu uchafu mwingi zaidi kwenye ardhi ya viwanda kuliko kwenye ardhi ya makazi, nawe unataka kulala hapo na watoto wako.

Kwa kuwa unakusudia kuchimba kisima, maji ya chini ya ardhi ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, na ripoti yako haiyagusi kabisa. Mtaalamu atahitaji angalau visima vitatu vya uchunguzi, visivyo kwenye mstari mmoja, ambavyo vimo vyake vimepimwa kwa usahihi. Kwa kulinganisha usawa wa maji katika visima hivyo ataujua upande ambao maji yanaelekea. Mteremko wa ardhi unaoonekana kwa macho unaweza kudanganya, hasa ikiwa jirani anavuta maji kwa pampu. Kisima kimoja kiwe upande ambao maji yanatoka, ili ijulikane kama uchafu umezaliwa kiwanjani au umeingia kutoka nje.

Kina nacho kina maana yake. Petroli na dizeli huelea juu ya maji, lakini trikloroethilini, ambayo uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya maji, huzama mpaka ikutane na tabaka la mfinyanzi, kisha hutambaa juu yake. Mchimbaji asiyejua akilitoboa tabaka hilo, anaifungulia sumu njia ya kushuka kwenye maji yaliyokuwa salama. Ndiyo sababu nakusihi usichimbe kisima chako kwanza kwa nia ya kuyapima maji yake baadaye.

Siku ya kuchukua sampuli, maji yaliyotuama kisimani hutolewa kwanza, mpaka joto, kiasi cha asidi na uwezo wa kupitisha umeme vitulie. Chupa ya kupimia viyeyusho hujazwa mpaka juu pasibaki hata povu moja la hewa, ikakazwa kifuniko na kuwekwa kwenye baridi, kwani viyeyusho hupotelea hewani. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kromi ya jumla isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Upimaji urudiwe majira ya mvua na ya kiangazi.

Gharama ya kazi hii si ndogo, na kwa maoni yangu muuzaji ndiye anayepaswa kuibeba, au ikatwe kwenye bei kabla hujatia saini.

SWALI: Kisima chetu kiko jirani na kiwanda kama hicho. Je, tukichemsha maji tutakuwa salama?

JIBU: Kuchemsha huua vijidudu, lakini metali hubaki sufuriani, na maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo zinavyokolea. Viyeyusho navyo huhamia kwenye hewa mnayovuta jikoni. Mpaka kisima kipimwe, maji ya kunywa na ya kupikia yatoke kwingine.